Naomba ushauri kuhusu jina Rehani kwa binti yetu

Mama Mtarajiwa:
Ndugu zangu, assalamu alaikum. Mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wa kike, na jina ninalolipenda ni Rehani, kwa ajili ya mrehani, mmea ambao majani yake yananukia vizuri hata kabla hayajafikichwa. Shemeji yangu mkubwa amelikataa, akisema kwamba rehani ni mali inayoshikwa na mkopeshaji mpaka deni lilipwe, na kwamba mtoto hapewi jina la dhamana. Namheshimu sana. Je, hoja yake ina uzito?

Msomakamusi:
Dada, hayo ni maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja yalipoingia katika Kiswahili. Rehani ya deni imetokana na rahn ya Kiarabu, ilhali rehani ya mmea imetokana na rayhan, lenye mzizi mmoja na riha, yaani harufu nzuri, na roho, na hata hiyo “h” huandikwa kwa herufi tofauti katika Kiarabu. Rayhan ni mmea wowote wenye harufu nzuri. Limetajwa katika Surat Ar-Rahman, aya ya 12, na Surat Al-Waqia, aya ya 89, na wapo wafasiri waliolieleza kuwa ni riziki. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) aliwaita wajukuu wake, Hasan na Husein, rehani zake mbili za duniani, nami sijui sifa ya mtoto inayopendeza kuliko hiyo. Mwanazuoni al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, naye aliitwa Abu Rayhan.

Bint Mwalimu:
Asili hiyo ni njema, lakini mtoto ataitwa na watu wasioijua, na kila nyumba itakapowekwa rehani wenzake watamtania. Mwite Raihana, umbo la kike la neno lilelile. Rihani halitakusaidia, kwani Surat Al-Baqara, aya ya 283, inataja rihan kwa maana ya rehani za deni.

Mzee wa Baraza:
Mwanangu, hata maana anayoishika shemeji yako haina aibu. Ipo hadithi isemayo kwamba kila mtoto amewekwa rehani kwa akika yake, yaani mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto mchanga, achinjiwe siku ya saba, anyolewe na apewe jina. Mwendee na mumeo, mumsomee hadithi zote mbili kwa upole, kisha mwombeni asimamie akika hiyo.

Mama Mtarajiwa:
Nawashukuru nyote. Mume wangu ameridhia Raihana, na kesho tutakwenda kwa shemeji. Katika cheti cha kuzaliwa niandike Raihana au Rayhana?

Bint Mwalimu:
Andika Raihana, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atalitamka sawasawa bila kuelekezwa, na uhakikishe kwamba kadi ya kliniki inabeba herufi hizohizo, maana kurekebisha jina baadaye huwa na usumbufu mwingi.