Laptopu ina virusi, nitoaje picha na mahesabu ya kikoba kabla haijapigwa windo upya?

Katibu wa Kikoba (Mafinga):
Wakuu habari za baridi, huku leo hata vidole vimegoma. Laptopu yangu tangu nichomeke flashi iliyotoka stesheneri kuprinti fomu imekuwa kichaa, matangazo yanajifungua yenyewe na kila flashi nikichomeka mafaili yanageuka shotikati. Fundi anataka apige windo upya afute kila kitu. Sawa, ila humo kuna picha za sendofu ya mdogo wangu na mahesabu ya kikoba toka 2019, yakipotea akina mama sijui nitawaambia nini. Nikikopi kwenye eksteno (diski ya nje) si nahama na virusi vyenyewe?

Mzee wa Parachichi:
Pole katibu, mikopo ya watu ndo ishasamehewa hiyo 😂

Fundi Mwanjelwa:
Katibu usibebe kila kitu. Chukua jpg, mp4, pdf na eksel za kawaida. Acha exe, bat, vbs (hizo ni programu), lnk (shotikati) na masetapu yote, hayo utadaunilodi upya. Kwanza fungua foda yoyote, nenda View utiki File name extensions, maana unaweza kukuta sendofu.jpg.exe ina alama ya picha kabisa kumbe ndo mwizi mwenyewe. Eksel inayoishia xlsm ina makro, yaani vijiprogramu ndani yake, hiyo iweke pembeni.

Mimi huwa nafanya hivi, kwenye mashine nzima natengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure kama windo, unawaka toka kwenye flashi), GB 8 inatosha, nabuti nayo ile laptopu mgonjwa nachagua kujaribu tu sio kuinstoo, hapo windo imelala na virusi vyake vimelala ndo nachomeka eksteno nakopi. Kabla ya hapo izime huku umeshikilia Shift ili izimike kweli, na ikikudai ufunguo wa tarakimu 48 hiyo ni BitLocker, kufuli la windo kwenye diski, mara nyingi ufunguo upo kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Dada wa Uyole:
Na zile shotikati usiformati flashi kwa hasira, mara nyingi mafaili yapo ila yamefichwa, ukiwa kwenye Ubuntu utayaona. Mimi nilishaformati nikalia wiki nzima. Paswedi badilisha kwa simu, sio kwenye hiyo laptopu.

Katibu wa Kikoba:
Asanteni sana. Kwenye riseti kuna Keep my files, si nichague hiyo tu yaishe?

Fundi Mwanjelwa:
Hapana, hiyo inaacha foda zako zilivyo na mdudu anaweza kubaki humo humo. Remove everything, ila kabla hujafuta fungua picha kadhaa na daftari la kikoba kutoka kwenye eksteno ukiwa bado Ubuntu uone zinafunguka. Windo mpya ikishaapdeti Defender (kinga yake ya virusi) ndo uchomeke eksteno, uiskani yote kwanza.

Katibu wa Kikoba:
Nimeona Ubuntu inakula zaidi ya giga 5, bando langu haliwezi. Nikutumie flashi kwa basi uniwekee?

Fundi Mwanjelwa:
Tuma, ila sio ile ya stesheneri.