Wamelainisha filingi, jino la jirani ndilo linauma. Nirudi lisuguliwe tena?

Wa_Njoro:
Hamjambo wadau. Niko Nakuru, nimekulia Njoro, kwa hiyo meno yangu yana ule ukahawia wa maji ya visima vyetu. Mwezi uliopita nilijazwa jino la mbele, karibu na fizi, kwa ile dawa ya rangi ya jino. Filingi yenyewe sina neno, hata nikikuonyesha huioni. Lakini wakati wa kulainisha, mashine ilipita mpaka kwenye jino la pili, na sasa pale pana sehemu bapa inayong'aa kuliko kwingine. Nikinywa maji baridi, ni hilo la pili linalonishtua. Nimepiga simu, nimeambiwa nirudi "walisugue kidogo lilingane". Nirudi? Na enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, huota tena?

Mama_Bahati:
Pole sana. Wewe sugua na ndimu na magadi, hata huo ukahawia utatoka.

Jaduong_Ksm:
Mama, hapo tutakosana. Ndimu ni asidi. Mtu analia enameli imepungua, unampa ya kuimalizia!

MenoKisumu:
Nafanya kazi ya meno. Sijakuangalia mdomoni, kwa hiyo chukua haya kama mazungumzo tu.

Enameli haioti. Seli zinazoitengeneza hufa kabla jino halijachomoza. Mate na floraidi, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za meno, hurudisha madini kwenye ganda lililolainika, lakini kilichosagwa kimekwenda. Kwenye ncha ya jino la mbele ganda hufika kama milimita 2. Ukishuka kuelekea fizi linakonda mpaka karibu kuisha, na huko ndiko ulikojazwa.

Kwa nini mashine inapotea njia? Kwa sababu ya hicho hicho unachokisifu, kwamba filingi haionekani. Ikilowa maji, mpaka wake na jino unapotea kabisa, na kichwa cha almasi cha mashine hakichagui cha kukata. Daktari mwangalifu hukausha jino mara kwa mara, huvaa miwani ya kukuza, na ziada ndogo ya ukingoni huikwangua kwa kisu chembamba badala ya mashine. Halafu huingia visahani vya kusugulia, vya kukwaruza kwanza, vilaini mwisho. Jino la jirani hukingwa kwa kipande chembamba cha bati. Na filingi ikipewa umbo vizuri kabla ya kupigwa taa ya kuigandisha, kazi ya kusaga inabaki kidogo sana. Hilo wengi wetu tunaliharakisha, foleni ikiwa ndefu.

Kwako kuna jambo la ziada. Jino lenye madoa ya floraidi, kama huo ukahawia wenu, mara nyingi lina tabaka gumu la juu, na chini yake ganda lenye vitundu. Ukiondoa la juu, unafunua lililo dhaifu. Ndiyo maana mimi nisingekubali lisuguliwe "lilingane". Kulinganisha nini?

Wa_Njoro:
Asante daktari. Ila dawa ya meno yenye floraidi naiogopa. Si ndiyo iliyotuharibia meno huku?

MenoKisumu:
Maji ya visima yenye floraidi nyingi ndiyo yaliyowaharibia, tena mkiwa watoto, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya. Jino la mtu mzima halipati madoa hayo tena. Tumia dawa ya floraidi, mswaki laini, uteme bila kusukutua kwa maji mengi. Mtoto mdogo nyumbani mpe kidogo mno, na awe anatema.

Rudi, lakini urudi kuangaliwa. Mwambie daktari wako apake vanishi ya floraidi, yaani dawa ya kupaka juu ya jino, kwenye ile sehemu bapa, na akupime kwa karatasi ya rangi unayoing'ata, maana filingi iliyo juu kidogo nayo huleta mshtuko. Baridi ikishtua mara moja na kupoa, subiri wiki chache. Maumivu yakibaki baada ya baridi kuondoka, au yakikuamsha usiku bila sababu, usingoje, nenda upigwe picha ya jino.

Jaduong_Ksm:
Na kama daktari huyo hataki kusikia habari ya vanishi?

MenoKisumu:
Basi Wa_Njoro aombe maelezo ya kilichofanyika na picha kama zipo, aende kwa mwingine. Ni haki yake, wala si ugomvi.

Mama_Bahati:
Ndimu nimeirudisha kwa samaki. Na hiyo vanishi, ni pesa ngapi huko Kisumu?