Makala za dinosaria zilizotengenezwa kwa kompyuta: je, msimulizi ana haki ya kusema kwa uhakika?

Mfukuaji

Ndugu wachangiaji, naleta hoja kuhusu Walking with Dinosaurs, mfululizo wa sehemu sita ambao BBC iliurusha kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na ambao kila makala ya dinosaria iliyofuata imepimwa nao. Ubora wa picha zake siubishii. Kinachonikera ni usimulizi. Msimulizi wake, Kenneth Branagh, anatueleza nani alimpiku nani, jike gani lilifukuzwa na mayai yalitagwa vipi, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kusimulia maisha ya simba walio hai, kana kwamba mpiga picha alijificha vichakani akisubiri. Liopleurodon, reptilia wa baharini, anatajwa kuwa na urefu wa mita 25 na uzito wa tani 150, ilhali mifupa ya mnyama huyo tunayoijua haifikishi hata nusu ya urefu huo. Utahraptor, dinosaria mla nyama, anawekwa Ulaya, ilhali mabaki yake yametoka Utah, Marekani. Postosuchus, mla nyama wa ukoo wa mamba, anaonyeshwa akikojoa ili kuweka mipaka ya eneo lake, jambo ambalo hakuna jiwe lolote linaloweza kulithibitisha.

Swali langu ni hili: kazi inayotangaza makisio kwa lugha ya uhakika iitwe makala ya kisayansi, au iitwe mchezo wa kuigiza uliotengenezwa kwa kompyuta? Sisemi haina thamani. Nasema mtazamaji ananyimwa njia ya kutenganisha kilichofukuliwa na kilichobuniwa, na hilo si jambo dogo.

Jicho la Kamera

Kuuita mfululizo ule mchezo wa kuigiza ni kuwavunjia heshima watu waliofanya kazi kwa uangalifu ambao wengi wetu hatujawahi kuufikiria. Mandhari yale hayakuchorwa kwa kompyuta. Watengenezaji walisafiri hadi New Caledonia, Chile, Tasmania na New Zealand kutafuta ardhi isiyo na nyasi, kwa sababu nyasi hazikuwa zimetanda duniani katika enzi za dinosaria na picha yenye nyasi ingekuwa kosa. Wanyama wenyewe walitengenezwa na kampuni ya Framestore, na pale ambapo kamera ilihitaji kukaribia sana, vilitumika vichwa na viungo vya bandia vilivyoendeshwa kwa mitambo. Mtu anayehangaika kiasi hicho kwa ajili ya nyasi tu hawezi kuwekwa kundi moja na mtunzi wa tamthilia.

Mwalimu wa Maabara

Nitazungumzia mkojo wa Postosuchus, kwa sababu hapo ndipo mfululizo ule ulipojikwaa vibaya zaidi. Ndugu wa leo walio karibu zaidi na mnyama yule ni mamba na ndege. Wote wawili hawana kibofu cha mkojo. Ndege hutoa taka ya naitrojeni ikiwa uji mweupe wa asidi ya uriki, na mamba naye hutoa zake kupitia tundu moja linaloitwa kloaka. Ile michirizi ya maji tunayoiona kwenye skrini ni tabia ya mamalia, iliyobandikwa kwa mnyama asiyehusika nayo. Kosa hili halikuhitaji kisukuku chochote, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe, ili liepukwe, kwa kuwa lingezuilika kwa kumtazama mamba aliye hai.

Bawa Pana

Mwalimu, umekwenda mbali kuliko ushahidi wako. Mbuni ni ndege, hana kibofu kama ulivyosema, na bado hutoa mkojo wake kando na kinyesi, tena kwa namna ambayo mtu yeyote aliyemkaribia anaweza kuiona. Kobe naye ni reptilia na ana kibofu kabisa. Ikiwa ndege mmoja mkubwa aliye hai anaweza kufanya hivyo, kwa msingi gani unasema kwamba mnyama aliyeishi miaka milioni 220 iliyopita hakuweza? Unamlaumu msimulizi kwa uhakika uliozidi, kisha wewe mwenyewe unatoa uhakika wa upande wa pili.

Mwalimu wa Maabara

Sikusema hakuweza, na naomba usinilishe maneno. Nimesema kwamba unapokosa ushahidi wa moja kwa moja, unaanza na kile ambacho ndugu wa pande zote mbili wanakubaliana, yaani mamba na ndege kwa jumla, na unamwacha mbuni kuwa tofauti mpaka upate sababu ya kumfanya kuwa kanuni. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa na wataalamu wa visukuku wanapokisia misuli, macho na viungo laini vingine ambavyo havibaki kwenye mawe. Kobe hahusiki hapa, kwa sababu yuko mbali zaidi na Postosuchus kuliko mamba alivyo.

Msomaji wa Kawaida

Nimefuatilia tangu mwanzo na nakiri kwamba sielewi uchungu huu unatoka wapi. Hii ni katuni. Ni katuni nzuri iliyotengenezwa kwa gharama kubwa, lakini mwisho wa yote ni katuni, na watu wazima wanakaribia kutukanana kwa sababu ya choo cha mnyama aliyetoweka.

Jicho la Kamera

Ndugu Msomaji, neno ulilolitumia linaudhi, na nitakueleza kwa nini. Katuni huanza na mchoraji anayeamua mhusika wake aweje. Kazi hii inaanza na mifupa iliyopimwa, misuli inayokisiwa kutokana na alama zake juu ya mifupa hiyo, na nyayo zilizogandamana kwenye mawe zinazoonyesha urefu wa hatua. Mfululizo ule ulikuwa na wataalamu wa visukuku kama washauri. Kama hutofautishi mambo hayo mawili, basi mjadala huu haukuhusu, na ungeweza kuupita bila kutudharau.

Msomaji wa Kawaida

Nimeambiwa mjadala haunihusu, ingawa mimi ndiye mtazamaji ambaye Mfukuaji anadai ananyimwa njia ya kutofautisha. Sina shahada ya mifupa. Niliposikia mita 25, niliamini mita 25, na hakuna mtu aliyenirudia kuniambia kwamba ilizidishwa. Ikiwa hiyo si katuni, basi nieleweshwe ni kwa nini kipimo kilichozidishwa zaidi ya mara mbili kiliwekwa mdomoni mwa msimulizi anayeheshimika.

Mfukuaji

Asante, ndugu Msomaji, kwa sababu umeieleza hoja yangu vizuri kuliko nilivyoieleza mimi, hata kama neno la katuni mimi nisingelitumia. Urefu wa Liopleurodon ulitokana na makisio ya juu kabisa yaliyofanywa kwa vipande vichache vya mifupa mikubwa ambavyo haijulikani wazi ni vya mnyama gani. Ni haki ya mtengenezaji kuchagua makisio ya juu. Wajibu wake ni kusema kwamba amechagua. Hali ni hiyo hiyo kwa Ornithocheirus, reptilia mwenye kuruka, anayeonyeshwa akiwa na mabawa ya karibu mita 12 kutoka ncha hadi ncha.

Tena, njia ya kulitatua hili ilijulikana kwa watu hao hao. Walipotengeneza simulizi la Allosaurus, dinosaria mla nyama, aliyepewa jina la Big Al, waliifuatisha na sehemu ya pili iliyoonyesha ushahidi: mifupa iliyopatikana Wyoming mwaka 1991, ikiwamo 19 yenye dalili za majeraha au maambukizi, na jinsi kila jeraha lilivyosomwa. Mtazamaji aliona hadithi kwanza, kisha akaonyeshwa ilikotoka. Mwaka 2011 mfululizo mwingine, Planet Dinosaur, ulikwenda mbele zaidi, ukawa unasimamisha simulizi katikati na kuonyesha kisukuku chenyewe. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba uhakika wa uongo ni sharti la kazi ya aina hii.

Tabaka la Udongo

Mnapoteza muda kwa mkojo na kusahau manyoya, ambayo ndiyo aibu kubwa ya mfululizo ule. Sinosauropteryx, dinosaria mdogo mwenye manyoya, alitangazwa kutoka Liaoning, China, mwaka 1996, yaani miaka mitatu kabla ya kurushwa kwa sehemu ya kwanza, na bado Utahraptor akatoka na ngozi tupu kama mjusi. Leo hata Tyrannosaurus imethibitishwa alikuwa amefunikwa manyoya mwili mzima, kwa hiyo mfululizo mzima unapaswa kuondolewa kwenye rafu za shule.

Bawa Pana

Hilo la Tyrannosaurus halijathibitishwa hata kidogo. Aliyepatikana na manyoya ni Yutyrannus, ndugu yake wa zamani zaidi kutoka China, aliyeelezwa mwaka 2012. Mwaka 2017 watafiti walieleza vipande vya ngozi ya Tyrannosaurus mwenyewe kutoka sehemu kadhaa za mwili, na vipande hivyo vina magamba. Inawezekana alikuwa na manyoya kiasi mgongoni, lakini "mwili mzima" ni dai lisilo na kisukuku. Na kuhusu Utahraptor, kumbuka kwamba vinundu vya kushikilia manyoya kwenye mfupa wa mkono wa Velociraptor, wa jamii moja na Utahraptor, vilielezwa mwaka 2007. Mwaka 1999 kulikuwa na sababu nzuri ya kuwafikiria wanyama wa jamii hiyo kuwa na manyoya, ila ushahidi haukuwa mzito kama ulivyo sasa.

Tabaka la Udongo

Unatetea watu ambao hawakutaka kumchukiza mtazamaji aliyezoea mjusi mkubwa. Sababu nzuri ilikuwapo, wewe mwenyewe umesema, na wakachagua picha iliyozoeleka.

Mama Mlezi

Naomba niseme kitu kuhusu hizo rafu za shule, maana kilichosemwa kuhusu kuondoa kimenigusa. Wanangu walianza kuuliza maswali ya sayansi kwa sababu ya wanyama hao hao wasio na manyoya. Mtoto aliyeona dinosaria wa ngozi tupu mwaka mmoja na wa manyoya mwaka mwingine hujifunza, bila kuhubiriwa, kwamba ujuzi hubadilika kadiri ushahidi unavyoongezeka. Mfululizo ule uliwaambia dinosaria walitoweka miaka milioni 65 iliyopita. Vitabu vya sasa vinasema milioni 66, kwa sababu upimaji wa umri wa mawe umeboreshwa. Tuliitazama tofauti hiyo pamoja na tukazungumza. Ukiondoa kila kilichopitwa na wakati, utawaachia watoto maelezo ya mwisho tu, wasijue kwamba yalitanguliwa na mengine.

Mwalimu wa Maabara

Dada, nakuunga mkono kuhusu rafu, lakini mtoto wako alikuwa na wewe pembeni. Wengi hutazama bila mtu wa kuwaambia kwamba rangi ile imebuniwa na ile nyingine imepimwa. Tangu mwaka 2010 tunajua kwamba mkia wa Sinosauropteryx ulikuwa na mistari ya hudhurungi na nyeupe, kwa sababu chembe ndogo za rangi zilihifadhiwa ndani ya manyoya yake na zikaonekana kwa hadubini. Huo ni ugunduzi wa kusisimua kuliko mapigano yoyote ya kubuni. Sasa mweke kwenye skrini moja na mnyama mwingine aliyechaguliwa rangi na msanii, kisha umwambie msimulizi asiseme lolote, na ugunduzi ule unazama bila mtu kuuona.

Jicho la Kamera

Mnadai picha ifanye kazi isiyoiweza. Maandishi yanaweza kusema "huenda alikuwa na rangi ya kijivu". Picha haiwezi, lazima imchagulie rangi, imchagulie sauti, imwamulie kama mdomo wake unafunika meno au hauyafuniki, suala ambalo wataalamu bado wanalibishania. Prehistoric Planet ya mwaka 2022, iliyosimuliwa na David Attenborough na kusifiwa sana kwa umakini wake, ilimwonyesha Carnotaurus, dinosaria mla nyama, akicheza kwa mikono yake mifupi ili kumvutia jike, na Dreadnoughtus, dinosaria mwenye shingo ndefu, akiwa na mifuko ya hewa shingoni. Hakuna aliyefukua mchezo ule wala mifuko ile. Mbona huko hamlalamiki?

Mfukuaji

Huko nalalamika kidogo tu, kwa sababu huko watengenezaji waliambatanisha vipande vifupi vya kueleza ushahidi wa baadhi ya matukio na kwa nini makisio hayo yalionekana ya busara. Mikono ya Carnotaurus ilikuwa mifupi mno, lakini kiungo chake cha bega kiliruhusu mwendo mpana. Hapo kuna mfupa, kuna hoja, halafu kuna dhana. Nikielezwa hivyo, niko huru kuikubali au kuikataa. Kwa Postosuchus sikupewa mfupa wala hoja.

Bawa Pana

Tunarudi kwenye Postosuchus, na bado hakuna aliyejibu kuhusu mbuni.

Mwalimu wa Maabara

Nimejibu, na nitajibu tena kwa kirefu ili lisibaki deni. Hata tukimkubali mbuni, mbuni haweki mipaka ya eneo lake kwa mkojo. Tabia ile ni ya mbwa na paka wa mwituni, na hiyo ndiyo iliyohamishwa. Kama waandishi walitaka mnyama wa ukoo wa mamba aache alama ya harufu, mamba wenyewe wana tezi za harufu chini ya taya na nyingine karibu na kloaka. Njia iliyo karibu na ushahidi ilikuwapo, na haikutumiwa.

Jicho la Kamera

Haikutumiwa kwa sababu harufu ya tezi haionekani kwenye televisheni. Mtazamaji angemwona mnyama akisugua kidevu kwenye mti na asingeelewa kinachoendelea.

Msomaji wa Kawaida

Angeelewa kama msimulizi angemwambia. Mimi ningeelewa. Mlikuwa na mtu wa kuzungumza kwa karibu nusu saa katika kila sehemu, naye angeweza kutumia sekunde tano kusema kwamba mamba wa leo wana tezi pale chini ya taya na kwamba inakisiwa huyu naye alikuwa nazo. Ningekuwa nimejifunza kuhusu mamba, ningekuwa nimeambiwa kwamba lililobaki ni makisio, na Bawa Pana asingekuwa na sababu ya kumleta mbuni.