Wakuu, wahusika wa gemu ambao hawachezwi wapewe shughuli gani simu ikiwa imezimwa?

Nahodha_wa_Shangani
Habari za saa hizi wakuu. Niko Mtwara mjini, natengeneza gemu dogo la simu kwa kutumia Godot (programu ya kutengenezea magemu), ni la kijiji cha pwani, halili bando, hata ukiwa kwenye pantoni ya Msangamkuu unacheza. Lina wahusika sita na unaendesha mmoja kwa wakati: mvuvi, bibi wa pweza, fundi wa vinyago, kijana wa bodaboda, mama wa duka na mkulima wa korosho. Sasa nimewapa washkaji walijaribu, kila mtu kang'ang'ania bodaboda tu, wale watano wamebaki kwenye menyu wamesimama kama wanasubiri picha ya pasipoti. Nataka wasiotumika wawe na shughuli zao, na mtu akizima simu ziendelee, akirudi akute kitu. Nawapa nini ambacho hakichoshi na hakifanyi gemu lijicheze lenyewe? Natanguliza shukrani.

KoroshoDarajaLaKwanza
Hiyo mbona ipo siku nyingi mkuu. Star Wars: The Old Republic ya 2011 unawatuma wenzako wakatafute vifaa, unazima kompyuta, ukirudi washamaliza. EVE Online ya wale jamaa wa Iceland tangu 2003 mhusika anajifunza ujuzi kwa saa za kweli hata ukiwa umelala. Chukua hapo, kila mhusika mpe kazi ya masaa kadhaa, mtu akifungua anakusanya hela zake basi.

mtoto_wa_Nachingwea
Bodaboda ndo maisha mkuu, waache wengine walale 😂

Mzee_wa_Ligula
Kijana hapo juu umejibu vizuri ila mimi hiyo "anakusanya hela zake basi" siitaki. Nimeicheza sana Pokémon Sword, ile ya 2019, kuna sehemu unawatuma Pokémon (wale viumbe unaowakusanya) walioko kwenye maboksi ya akiba kwenda vibaruani, siku nzima kama unataka, wanarudi na uzoefu. Wazo zuri, kwa sababu maboksi yanajaa na wengi huwagusi tena. Lakini nikawa nafungua, nawatuma wote kwa mkupuo, nafunga. Hata sijui nani alienda wapi. Ile ya zamani zaidi, Sun and Moon ya 2016, walifanya vizuri zaidi kwa macho yangu maana unawakuta kabisa wanarandaranda kwenye visiwa vyao, unawaona.

Halafu kitu kingine mdogo wangu, usije ukamwadhibu mtu kwa kuondoka. FarmVille ya 2009 ukichelewa mazao yalikuwa yananyauka, watu walikuwa wanaweka alamu usiku kwa ajili ya nyanya za kwenye Facebook. World of Warcraft kabla haijatoka 2004, kwenye majaribio, ukicheza muda mrefu mhusika anachoka, pointi anazopata zinashuka hadi nusu, na wajaribuji waliichukia kwelikweli. Blizzard, wenye gemu hilo, wakaipindua, ikawa aliyepumzika anapata mara mbili na asiyepumzika anapata za kawaida. Mchezaji yuleyule, uchovu uleule, ila sasa anajiona kapewa. Na mpaka leo ukimwacha mhusika kwenye nyumba ya wageni anajazwa asilimia 5 ya levo kila masaa 8, mwisho levo moja na nusu. Ukimwacha porini inajaa taratibu, robo ya hiyo. Kwa hiyo yule mama wa duka wako muache apumzike tu, siku mtu akimchukua wateja wa mwanzo wanamlipa vizuri, akizoea wanarudi kawaida. Kibarua cha nini?

FundiSimu_Lindi
Naongezea upande wa ufundi maana naona unaandika kama vile gemu litaendelea kukimbia simu ikiwa imezimwa. Haliendelei. Hata hayo magemu makubwa mliyoyataja, hakuna mtu anayetembea kweli wewe ukiwa haupo. Unachofanya, mtu anapotoka unasevu saa ya kutoka, akirudi unatoa ile kwenye saa ya sasa, unapata muda, unapiga hesabu mara moja tu. Angalia GTA V ya 2013, ukihamia kwa Trevor, mmoja wa wahusika wake, unamkuta katikati ya vurugu zake kama vile alikuwa anaendelea, kumbe ni tukio limechaguliwa palepale unapobonyeza. Na watu wanaamini.

Shida yako itakuwa saa ya simu. Hutumii intaneti so huwezi kuuliza seva, mtu anaingia setingi anasogeza tarehe mwezi mzima mbele anavuna. Sevu saa ya mbele kabisa ambayo gemu imewahi kuiona, akirudisha nyuma asipate kitu mpaka muda ufike pale, na weka kikomo cha muda unaohesabika. LAKINI kuna hili watu wanasahau, zipo simu ambazo chaji ikiisha kabisa au betri ikitolewa, zikiwaka tarehe imerudi nyuma miaka huko, na huku kwetu umeme ukikatika siku nzima hiyo inawapata watu wasio na hatia. Muda ukitoka hasi hesabu ni sifuri. Usikate kitu chochote, usitoe hata onyo. Gemu lenyewe la mtu mmoja, akiiba anamwibia nani?

BintiMikindani
Kaka mimi sijui kuandika programu ila wote mnaongea masaa, masaa nane, masaa ishirini na nne, huyo bibi wa pweza anafanya kazi kwa masaa gani jamani? Anafuata maji. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali miamba inaonekana, hapo ndo unamkuta na kijiti chake anachokoa mashimoni. Zikija siku za maji mafu, yasiyokupwa mbali, yuko kibarazani anasuka ukili. Na saa ya kukupwa inasogea mbele karibu dakika hamsini kila siku. Mwezi na tarehe simu inazijua, si ndiyo? Basi mtu akifungua gemu wakati wa bamvua anamkuta hayupo nyumbani, ndoo haipo na kanga imebaki kwenye kamba, na akitaka kumchukua amfuate huko mwambani. Mimi ningefungua kila siku kuangalia tu yuko wapi.

Na mkulima wa korosho msimpe hela za papo kwa papo nitacheka. Mwezi wa sita anapuliza salfa, wa kumi anaokota, anapeleka chama cha msingi halafu ANASUBIRI mnada. Akute karatasi ya kupimia mzigo, hela baadae.

KoroshoDarajaLaKwanza
😂😂😂 dada umeniua. Mkulima wetu anacheza gemu la kusubiri tangu stakabadhi ghalani (ule mfumo wa kuweka mzigo ghalani kusubiri mnada) ianze 2007 huko. Hapo hapo Nahodha weka na bei ya mnada iwe inapanda na kushuka, mtu akirudi hajui atakuta ngapi, hiyo itawafanya waache bodaboda.

Nahodha_wa_Shangani
Wakuu mmenifungua kichwa, kwanza shikamoo Mzee wa Ligula. Hela za kukusanya naona nazitoa kabisa, nabaki na mkulima tu na mnada wake. Dada wa Mikindani hilo la maji nalifanya wikiendi hii, mzunguko mzima wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, nikiwa na tarehe moja ya mwezi mchanga zilizobaki ni kugawanya tu. Swali dogo, huyo bibi mtu akiwa anamcheza yeye mwenyewe siku za maji mafu, nimzuie asiende baharini?

BintiMikindani
Usimzuie, aende. Atakuta maji kiunoni atarudi mwenyewe.

Mzee_wa_Ligula
Marahaba. Fundi wa vinyago umemsahau, na huyo ndiye rahisi kuliko wote. Gogo moja la mpingo lichongwe kidogokidogo kila mtu anapoondoka, leo umeacha kuna kichwa, kesho kuna mabega. Asiulizwe anachonga nini.

mtoto_wa_Nachingwea
Sawa mmemaliza, weka apk basi tujaribu. Na Android 8 inakubali? Simu yangu ya zamani kidogo.

Nahodha_wa_Shangani
Inakubali mkuu, ni kama MB 60. Nikimaliza ya bibi naipandisha hapahapa. Ila bodaboda nimempunguzia spidi, usilalamike.