Daktari afutwe kwa "inaelekea" au "pasipo shaka"?

MlangoWaChumvi: Daktari akishtakiwa mbele ya baraza lake, lenye uwezo wa kumfutia leseni, kosa lithibitishwe pasipo shaka kama kesi ya jinai, au itoshe mizania ya uwezekano, yaani inaelekea zaidi alikosa kuliko hakukosa? Uingereza walihamia mizania 2008, baada ya mambo ya yule daktari Shipman aliyeua wagonjwa wake. Mimi nasema mizania yatosha.

DktMstaafu: Shipman alitiwa hatiani 2000 kwa mauaji 15, pasipo shaka yoyote. Kipimo hakikumficha. 1976 alitiwa hatiani kwa kughushi vyeti vya pethidini, dawa kali ya maumivu, baraza likampa barua ya onyo tu! Leo mnataka aliyesotea udaktari miaka afutwe kwa hamsini na moja kwa mia? Hii si leseni ya bodaboda.

WaStendi: Bodaboda imeingiaje? Juzi nimenyang'anywa funguo kwa neno la askari mmoja, ushahidi wake kitambi. Ile pikipiki ndiyo ugali wangu.

KijanaWaSheria: California wana kipimo cha katikati kwa madaktari: ushahidi wazi na wa kusadikisha. Kwangu mimi sababu ni hiyohiyo ya WaStendi, leseni ni riziki.

WaStendi: Asante wakili. Daktari aombe radhi kwanza.

DktMstaafu: Sikumdharau mtu.

MlangoWaChumvi: Turudi. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, 2018 walipasua fuvu la mgonjwa asiyehusika. Hapo shaka iko wapi?

DktMstaafu: Shaka ipo! Nani alimvalisha lebo ya jina?

NesiZamu: Nilijua tu. Ikifika kwenye lebo, ni nesi. Pale walisimamishwa na manesi pia, lakini nyinyi mlimlilia daktari peke yake. Na mnabishana kipimo, mtapima nini? Nimewahi kuona faili la mama aliyefia leba kwetu. Lilikwenda ofisini siku mbili. Liliporudi, chati ilikuwa imejaa kila nusu saa, jioni hadi alfajiri, mwandiko mmoja ulionyooka kama wa daftari la mtoto wa shule. Aliyekesha haandiki hivyo.

DktMstaafu: Sasa sote waongo? Huenda alinakili upya kwa usafi. Ndiyo maana nataka pasipo shaka.

KijanaWaSheria: Mwandiko pekee hautoshi, kwa kipimo chochote.

WaStendi: Nesi, kalamu ilikuwa rangi gani?

NesiZamu: Bluu tupu. Kwetu usiku tunaandika kwa nyekundu.