Mama wa nyumbani apewe ngapi ndoa ikivunjika?

Wakuu, salaam. Jirani yangu katoka Mahakama ya Mwanzo wiki jana na talaka yake mkononi. Ndoa ya miaka 19, nyumba ya vyumba vinne, yeye kaambulia asilimia 20. Hakimu alimtaka athibitishe mchango wake, naye alikuwa na risiti moja tu, ya mabati, wino umeshafifia. Kukesha na mtoto mwenye homa nani anakukatia risiti?

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinataka mchango wa fedha, mali au kazi uangaliwe, kisha mahakama ielekee kwenye mgawanyo sawa. Na tangu 1983 Mahakama ya Rufani, enzi za Jaji Mkuu Nyalali, ilishasema kazi za nyumbani ni mchango. (Ajabu ni kwamba mama aliyeleta shauri lile alitoka mikono mitupu, ilionekana mumewe alishampa pesa za mradi akazitapanya.) Mimi nasema tuanzie nusu kwa nusu, anayetaka zaidi ndiye alete ushahidi.

— Mkuu, hapo tunaachana. Wakenya sheria yao ya 2013 inataja kupika, kulea, hata kuwa mwenzi tu wa kukaa naye. Bado Januari 2023 Mahakama yao ya Juu ikasema usawa wa Katiba si nusu ya moja kwa moja, kila kesi ibebe mzigo wake. Mtu kaolewa miezi 8, kakuta nyumba imeshaezekwa, naye nusu?

— Mleta mada hapa. Nyumba aliyoikuta haihesabiki, labda kama waliiendeleza pamoja. Na kesi hiyo hiyo unayoitaja, mama aliondoka na nusu yake. Umesoma kichwa cha habari ukaacha hukumu.

— Kaka zangu, mnakimbilia kwa hakimu, mmeruka baraza la usuluhishi. Bila hati yao kwamba wameshindwa kuwapatanisha, kwa kawaida shauri la talaka halipokelewi. Mimi nilikaa kwenye benchi lile mara tatu, kila mara "rudi nyumbani mwanangu, vumilia". Hapo katikati kiwanja cha pili kikauzwa, mie sijui. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina la mume wangu peke yake. Niliwahi kumwomba aongeze na langu, akanitazama, akaniuliza: "Kwani unapanga kuniacha?"