Babu alikuwa Keya (askari wa KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), alipigana Burma (Myanmar ya leo). Rekodi zake za jeshi nazipataje?

mjukuu_wa_keya
Wakuu habari za mihangaiko. Babu mzaa baba alichukuliwa jeshini huku Songea wakati wa vita vya pili vya dunia, akapelekwa Burma, akarudi salama, amefariki mimi bado mdogo sana. Alichoacha ni medali mbili, moja ya nyota, na picha amevaa gwanda, begani kuna beji ya kichwa cha kifaru. Kitabu chake cha kuachishwa jeshi kililiwa na mchwa. Nimeandika jina lake kwenye ile tovuti ya makaburi ya vita ya Waingereza, holaa. Faili lake litakuwa wapi, London au Dar? Na medali haiwezi kuwa na namba yake?

mzee_wa_nyaraka
Mkuu hiyo beji imeshakufanyia nusu ya kazi. Kifaru ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1943, halafu 1944 wakaingizwa Burma kupitia bonde la Kabaw, mvua za monsuni, matope, malaria, hivohivo wakisukumana na Wajapani mpaka Desemba wakafika Kalewa wakavuka mto Chindwin. Kwa mtu wa Songea anza na batalioni za 26 KAR na 36 KAR, hizo za Tanganyika, afu 44 iliyochanganya Waganda na Watanganyika. Ila usikaze shingo hapo, divisheni ilikuwa na madereva, watu wa mizinga, wa simu, wa hospitali, wote wanavaa kifaru.

Kwenye ile tovuti hutampata hata ukeshe, wamo waliokufa vitani tu na babu yako alirudi. Na Kew, kule London zilipo Nyaraka za Taifa za Uingereza, usitegemee faili lake binafsi. Utakachopata kule ni shajara za vita za kila batalioni, za Burma ziko fungu la WO 172, siku kwa siku walikuwa wapi na walipigana na nani. Wazungu maofisa wametajwa kwa majina, askari wetu wengi ni idadi tu. Inaudhi lakini ndo hali. Kwa hiyo tafuta kikosi kwanza, mtu utamfuata humo.

chuma_chakavu
Kuhusu medali: za vita vya pili Waingereza walizitoa tupu, ukingoni hamna jina wala namba. Za vita vya kwanza ndo walichonga namba, jina na kikosi, kwa hiyo mwenye za babu wa babu azungushe ukingo aangalie. Hiyo nyota yako soma maandishi ya katikati maana nyota zote zile zina ncha sita, kwa mbali zinafanana. Kama ni Burma Star sawa, ikiwa Africa Star basi alipita na Uhabeshi au huko kaskazini. Na tafadhali usiisugue.

mzee_wa_nyaraka
Nimesahau Dar. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, usiombe faili la babu, omba faili za Wilaya ya Songea za miaka hiyo: kuandikisha askari, posho za familia, kurudishwa uraiani. Posho ndo nzuri zaidi, askari alikatwa sehemu ya mshahara ikapelekwa kwa mke kupitia bomani, kwa hiyo karani alilazimika kuandika nani anapokea. Nenda na jina la baba yake, la jumbe wao na kijiji, maana karani aliandika jina alivyolisikia, unaweza ukampita babu yako hivihivi.

mjukuu_wa_keya
Asanteni sana aisee. Kuna bibi mkubwa bado yupo hai, namuuliza leo posho walichukulia wapi na nani alikuwa jumbe.

pori_la_kusini
Afadhali nyie. Sisi mzee wetu alikuwa upande wa Mjerumani 1914, na hifadhi ya nyaraka za jeshi kule Potsdam, Ujerumani, iliungua 1945.

mzee_wa_nyaraka
@pori_la_kusini baadhi ya waliotekwa waliingizwa 6 KAR, ile ilianzishwa 1917 na askari waliokuwa wa Mjerumani. Mtafute na upande wa Mwingereza, hasa kwenye orodha za medali.

binti_kariakoo
Na wabeba mizigo je? Wetu hakushika bunduki, alibeba tu.

mzee_wa_nyaraka
Hao ndo kazi ngumu dada. Tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwenye ripoti ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Rudi kwenye faili za wilaya, na uwarekodi wazee kwenye simu kabla hujapanda basi la Dar.